Nguo Alizoziandaa Redempta

Mwezi wa saba mwaka huu tulianua matanga ya Mama Osmund pale Ruhuwiko, katika nyumba ileile niliyoishi mwaka mmoja wa usichana wangu. Kwa kuwa mimi ni katekista mstaafu, na miguu yangu haiwezi tena kazi za jikoni, walinikalisha karibu na dirisha wakaniomba niongoze sala kabla ya nguo za marehemu kugawanywa. Upepo ulikuwa ule wa Julai tunaoujua watu wa Songea, unaopita chini ya mlango hata ukiuzibia gunia. Osmund, ambaye sasa naye ana mvi, alikuja na mfuko wa mbolea uliofungwa kwa kamba ya mkonge, akauweka magotini pangu. Akasema mama yake hakuacha maagizo mengi, ila moja alilirudia hata sauti ilipokuwa inamwishia: blanketi lililomo humo lisiwekwe kwenye jeneza. "Alisema, msizike kitu ambacho bado kinafunika mtu." Niliufungua ule mfuko. Ikanijia harufu ya majani ya tumbaku aliyoyaweka kufukuza nondo, kisha vidole vyangu vikagusa kitambaa cha kijani chenye tundu la kifungo. Sala niliyokuwa nimeiandaa ikanipotea yote. Niliwaomba wanipe muda kidogo, nao kwa adabu wakanipa.

Mwaka ule ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimekuja mjini kujifunza ushonaji kwa masista, na Mama Osmund alinipokea kwake kwa sababu ya urafiki wake na mama yangu, akaniita mwanangu tangu siku ya kwanza. Wazee wenzangu wanakumbuka hali ilivyokuwa. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sabuni, kisha biashara ikafunguliwa, na maduka ya mjini yakajaa vitu ambavyo wengine tulikuwa tumesahau majina yake. Sokoni mitumba ilimwagwa chini, marobota kwa marobota, watu wakachagua kwa mikono miwili. Mji ulikuwa kama mtu aliyefunga muda mrefu, kisha akafuturu kwa pupa. Ndipo watu walipojifunza kutupa. Makopo, chupa na mashati yaliyotoka kifungo kimoja tu vikaanza kuonekana majalalani. Mama Osmund hakujifunza. Mume wake alikuwa karani wa ghala la ushirika, akapunguzwa kazini mwaka uleule, akaenda Mbinga kuzunguka na wanunuzi binafsi wa kahawa, na nyumbani alionekana mara mojamoja; Osmund naye alikuwa shule ya bweni. Utele ulikuwa madukani. Kwetu uliingia kwa kuutazama.

Naweza bado kuzunguka nyumba ile nikiwa nimefumba macho. Bawaba za mlango wa jikoni zilikuwa vipande vya kandambili vilivyopigiliwa misumari, kwa hiyo mlango ule ulifunguka bila sauti, na mengi niliyoyasikia mwaka ule niliyasikia kwa sababu hiyo. Vibatari vilikuwa makopo ya maziwa. Mtungi uliopasuka ulikatwa ukawa wa kubebea makaa. Magunzi ya mahindi yaliwasha moto, majivu ya moto ule yakachanganywa na maharage ili yasibunguliwe, na yaliyobaki yakasugua masufuria mpaka ukaweza kujitazama. Vipande vya sabuni vilivyokwisha alivitia ndani ya soksi ya zamani akaifunga, tukaogea soksi. Kanga kwake ilikuwa na maisha marefu kuliko ya mtu mzima: ilianza kanisani, ikashuka sokoni, ikafika jikoni, ikawa ya kubebea mtoto wa jirani, ikawa tambara la kudekia, na mwisho kabisa ikasokotwa utambi, ikawaka mbele ya picha ya Mama Bikira Maria. Aliwahi kuniambia kwamba kanga ile imerudi ilikoanzia. Mapazia ya sebuleni yalikuwa mifuko ya mbolea iliyofuliwa mara nyingi, na maandishi ya kiwandani yalionekana kwa mbali jua likipiga dirisha. Majirani walimtania. Mama Getruda, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sala, mwanamke mnene mwenye moyo mzuri na mdomo usiochoka, alikuwa akisema kwamba siku Mama Osmund akifa watalazimika kumtafutia jeneza la viraka. Naye alikuwa akimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, "Sawa mama, mradi misumari mwichomoe kwenye jeneza la zamani."

Lakini kilichowaleta watu kwake ni togwa. Hakuna ugali uliotupwa katika nyumba ile. Uliobaki jioni aliuvunjavunja asubuhi katika maji ya vuguvugu, akautia kimea cha ulezi, akaufunika, na kesho yake ulikuwa togwa tamu yenye uchachu mdogo wa kuchangamsha ulimi. Ukoko nao aliuanika juu ya bati kwenye ungo, akausaga, ukawa wa kuongezea uzito. Jumuiya ilisali kwake kila juma kwa kuwa alikuwa na sebule kubwa, na baada ya sala kila mtu alipewa kikombe. Padre aliyepita siku moja alikunywa viwili, akasema huyu mama ameelewa kwa nini Bwana, baada ya kuwashibisha watu, aliangalia makombo. Mama Osmund aliona haya akaingia jikoni. Nadhani ndiyo sifa pekee aliyoipokea maishani mbele za watu.

Redempta alikuja baada ya Pasaka. Alikuwa mdogo wake Mama Osmund, aliyekuwa Dar es Salaam miaka mingi akifanya kazi ya kusuka nywele, na sisi tulimjua kwa nguo. Kila aliyesafiri kutoka huko alileta kifurushi chake. Alishuka kwenye basi na sanduku zito ambalo hakuweza kulibeba. Mimi nilikwenda stendi kumpokea nikapita mbele yake bila kumtambua, kwa sababu nilikuwa natafuta mwanamke aliyenawiri wa kwenye picha ya sebuleni. Alicheka akaniita jina langu. Kicheko kilikuwa hakijakonda. Alipoingia sebuleni alisimama akatazama madirisha, akasema, "Dada, umeyavalisha madirisha mbolea, mvua ikinyesha si yataota?" Mama Osmund alicheka mpaka akakaa chini, kisha nikaona kwamba halikuwa tena cheko. Alisema moshi wa kuni umemwingia machoni. Hapakuwa na moto.

Leo kila mtoto wa shule anajua kwamba UKIMWI hauambukizwi kwa bakuli wala kwa gauni. Wakati ule tulikuwa tunajua kidogo na kuogopa sana, na jina lenyewe halikutamkwa ndani ya nyumba. Ulisemwa "ugonjwa huo," au mtu alionyesha kwa kidole kimoja kilichonyooshwa, kwa maana ya wembamba. Sina nia ya kuwahukumu watu wa wakati ule. Niliwaona wakifanya kazi za huruma ambazo sasa sizioni, na niliwaona wakishindwa na kikombe cha togwa. Siku moja nikitoka uani nilisikia Mama Getruda akimshauri Mama Osmund jikoni, kwa sauti ya chini ya mtu anayekutakia mema. Alisema mgonjwa atengewe bakuli lake, kijiko chake na shuka lake, na Mungu akimchukua vyote vichomwe moto. Alisema pia, akijikwaa kidogo, kwamba watu wanaulizana kama ugali anaoubakiza Redempta nao huingia kwenye togwa. Mama Osmund akasema, "Bakuli nitaliosha kwa majivu, kama ninavyoosha lako ukinywa hapa."

Juma lililofuata jumuiya ilikuja, kwa kuwa mahali pa sala hapakuwa pamebadilishwa. Tulisali rozari vizuri. Redempta alikaa kwenye mkeka, mgongo kwenye ukuta, akaongoza fumbo moja kwa sauti iliyokatika lakini haikukosea. Kisha nikapitisha vikombe. Kila mtu alipokea, kila mtu akashukuru, na kila mtu akashika kikombe chake mapajani akizungumzia mahindi, bei ya mbolea, na basi lililokwama njia ya Tunduru. Walipoondoka waliviweka vikombe chini kwa taratibu, vimejaa kama nilivyovigawa. Mmoja alikuwa ameloweka midomo. Nilimtazama Redempta naye alikuwa anavitazama vile vikombe, vimepangana sakafuni kama watoto walioitwa kisha wakasahauliwa. Mama Osmund alikaa katikati ya vikombe, akachukua cha kwanza akanywa, akachukua cha pili. Mimi nikachukua cha tatu. Hatukuweza kuvimaliza. Hiyo ndiyo siku moja tu niliyoona togwa ikimwagwa katika nyumba ile, nayo aliimwaga kwenye shina la mgomba, akisema mgomba hauna wasiwasi.

Asubuhi yake Redempta aliomba apewe kile kikombe cha bati kilichong'oka mkono na bakuli lililotoboka lililozibwa kwa lami. Alisema vitakuwa vyake. Dada yake alimuuliza kwa nini achague vibovu wakati vizima vipo. Akasema, "Vikitupwa hutapata hasara." Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayesaidia kupanga nyumba, kama mtu aliyejifunza vyema mwendo wa nyumba ile. Mama Osmund alikwenda akasonga ugali, akaumwaga wote kwenye sinia moja, akaweka likolo, mboga ya majani ya maboga, katikati, akatuita tukala sote watatu. Redempta aliposhindwa tonge la tatu, dada yake alilichukua kutoka mkononi mwake akalila. Hapo ndipo Redempta alipouliza lile alilokuwa nalo moyoni tangu aliposhuka kwenye basi. "Dada, nikifa, nguo zangu zitagawanywa kama za watu?"

Wasomaji wa kwetu hawahitaji kuelezwa, ila vijana wa siku hizi labda. Siku ya kuanua matanga nguo za marehemu hutandazwa kwenye mkeka, na ndugu huanza kuchukua, kisha majirani na rafiki. Hakuna anayechukua kwa sababu hana nguo. Ukivaa shati la mtu unakubali kwamba alikuwa wako. Mtu ambaye nguo zake hazikuchukuliwa ni kama hakupita duniani. Mama Osmund alimjibu kwamba zitagawanywa. Alimjibu upesi mno, na nadhani Redempta aliusikia ule upesi, kwa sababu siku ileile aliniambia nilete sanduku.

Kuanzia hapo tulikuwa na kazi. Aliamua kila nguo itakuwa ya nani, na kwa kuwa aliwajua watu wote mwili na tabia, aliamua na namna ya kuirekebisha. Mimi nilikuwa mikono. Nilikuwa na cherehani ya Mama Osmund, ya kuzungusha kwa mkono, na yeye alilala kando kwenye mkeka akinielekeza. Sketi ya maua ilifupishwa kwa ajili ya mpwa wao wa Namasakata, kule Tunduru, ambaye alikuwa mfupi. Sweta lilifumwa kiwiko kwa uzi uliofumuliwa kutoka sweta jingine. Gauni la zambarau, lililokuwa la thamani kuliko zote, alisema ni la Mama Getruda. Nilishangaa. Nikamwambia kwamba halitamwenea hata mkono. Akasema, "Kwa hiyo panua." Tulifumua mishono ya ubavuni, tukaongeza kitambaa cha shati la zamani la Baba Osmund tulilolichovya kwenye rangi mpaka likakaribia zambarau, na nikalipanua kiuno mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Redempta alisema nimemdhulumu Mama Getruda chakula chake cha mchana. Tulicheka mchana ule mpaka Mama Osmund akaja kutuuliza kuna nini. Gauni la kijani lenye mikono mirefu lilikuwa langu. Hakuniambia. Siku moja alisema tu nisimame wima, akapima mabega yangu kwa shubiri.

Nguo zilipokamilika alizifua tena zote, ingawa zilikuwa safi. Nilimwambia apumzike. Alisema anataka watu wasikie harufu ya sabuni. Alizipiga pasi ya mkaa akiwa amekaa, akipumzika kila baada ya kola, akazikunja akazirudisha kwenye sanduku. Mimi nimefundisha dini miaka mingi, nimewaandaa watoto kwa Komunyo ya kwanza na wagonjwa kwa Mpako, lakini sijaona tena mtu akijiandaa hivyo. Alikufa mwezi wa tisa, mchana, wakati vumbi limejaa na miti haijachipua. Dada yake alikuwa amemshika miguu kwa sababu alilalamika baridi.

Watu walikuja kuzika. Nasema hili kwa haki yao: walichimba kaburi, walipika, waliimba, Mama Getruda alilia kwa machozi ya kweli na alisimamia jiko mpaka mwisho. Siku ya kuanua matanga Mama Osmund alitandaza mkeka mpya, sio wa viraka, ulioazimwa kwa makusudi, akazipanga nguo moja moja. Harufu ya sabuni ilijaa sebule. Kisha akawakaribisha ndugu. Mimi nilikaa karibu na mlango wa jikoni, nikilitazama gauni la kijani. Sikuwa ndugu, na mgeni hatangulii ndugu kwenye mkeka ule. Hilo hata mtoto analijua. Nilingoja ndugu mmoja tu anyooshe mkono ili njia ifunguke. Mjomba wa Mama Osmund na Redempta alikohoa. Mpwa wa Namasakata alitazama sketi ya maua, iliyokatwa kwa kimo chake, akamtazama mama yake, mama yake akatikisa kichwa kidogo sana. Mama Osmund aliliinua gauni la zambarau mwenyewe, akalishika kwa mabega ili Mama Getruda alione upana wake. Mama Getruda alisimama. Kwa dakika ile nilidhani atalichukua. Alisema, "Tunashukuru, Mama Osmund. Mungu anaona moyo wako. Ila mimi nina wajukuu ndani." Akakaa. Mjomba akasema ni heri vitu hivi vichomwe, kwa usalama wa wote, na mtu mmoja akaenda kutafuta kiberiti.

Mama Osmund hakugombana. Alizikunja nguo zote, moja moja, jinsi alivyozipanga, akazirudisha sandukuni, akalifunga sanduku akalikalia. Alikaa pale juu mpaka mgeni wa mwisho alipoaga. Jioni nilimwomba anipe gauni la kijani. Alinishika uso kwa mikono yote miwili. Akasema, "Alitaka ulipewe mbele za watu, mwanangu. Kwa siri sitakupa, utakuwa kama umeliiba." Kesho yake alichukua wembe akaanza kufumua. Alifumua mishono yote ambayo mimi na Redempta tulikuwa tumeishona, bila kukata kitambaa ovyo hata mahali pamoja, akakusanya na uzi akauzungushia kwenye gunzi. Nilimsaidia kuunganisha vipande viwe blanketi, ndani tukaweka masweta yaliyochakaa, na chini mifuko ya mbolea iliyofuliwa. Wakati mwingine alishika kipande akakiweka shavuni, kisha akakishona mahali pake. Blanketi lilipokamilika mwaka nao ulikuwa unaisha, nikafanya mtihani wangu kwa masista, nikaondoka. Tangu hapo, nilivyosikia, kila mgeni aliyelala katika nyumba ile alifunikwa nalo, wakiwemo wa ukoo. Aliyeuliza nguo hizi ni za nani aliambiwa. Wengi hawakuuliza, kulikuwa na baridi.

Hayo yote yalinipitia nikiwa na blanketi magotini mwezi ule wa saba, watu wakinisubiri nisali. Nilisali kwa kifupi. Nguo za Mama Osmund zilitandazwa, chache, kila moja ikiwa imegeuzwa kutoka kitu kingine, na mikono ikanyooshwa mpaka wengine wakakosa. Namshukuru Mungu kwa hilo, na nilitamani angekuwepo mmoja mwingine aione mikono ile. Mama Getruda alikuwa ameletwa na mjukuu wake, amekonda sasa, amekuwa mdogo kama mtoto wa shule, na mdomo wake umechoka hatimaye. Walimkalisha kando yangu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitambua vizuri. Alikuwa anatetemeka, basi nikasogeza upande mmoja wa blanketi nikamfunika mapaja. Alikaa hivyo kwa muda akilipapasa, kama wazee tunavyopapasa, kipande hiki na kile. Kisha kidole chake kikasimama. Kilisimama kwenye zambarau, pale ambapo rangi yake inabadilika kidogo, pale lilipoongezwa lile shati.

"Hili lilikuwa langu," alisema.

Nilimwambia ndiyo, mama, lilikuwa lako. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyelipanua kiuno, mara mbili. Alilivuta blanketi mpaka kifuani, akalishika pale kwa mikono yote miwili, na mjukuu wake alipokuja kumwambia gari limefika, alikataa kuliachia. Nilimwambia mjukuu aende nalo.